Kilo Kumi na Sita

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Daftari hili nimelinunua leo dukani. Kuandika sina mazoea nako, niliishia darasa la saba na mistari yangu inapanda mlima. Lakini nataka kila siku iwe na tarehe yake, ili siku sista Beatrisi, nesi wa zahanati yetu, atakaposimamishwa mbele ya watu, asitokee mtu wa kuniambia Moza umesahau, Moza umeongeza chumvi.

Leo mfuniko wa sufuria ulimponyoka mume wangu Faridi, ukaanguka kwenye saruji nyuma ya mwanetu Bilali. Mimi niliruka. Bilali hakugeuka. Aliendelea kuchezea mabua yake.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemwita kwa nyuma mara kumi na nne. Aligeuka mara moja, na hiyo mara moja kuku alikuwa anapita.

Jumatano, 9 Oktoba

Niandike ilivyokuwa.

Bilali ana mwaka na miezi mitatu. Tarehe kumi na nane mwezi uliopita alibanwa na kifua, akivuta pumzi mbavu zinazama. Zahanati wakasema nimonia, achomwe sindano siku saba. Sindano ile wanaipima kwa uzito wa mtoto. Kwenye kadi yake iliandikwa kilo kumi na sita. Bilali ana kilo nane. Siku sita mwanangu alichomwa dozi ya watoto wawili, na aliyekuwa anachoma ni sista Beatrisi, kwa mkono wake ule mwembamba wenye saa ya kiume.

Siku ya sita, saa tisa mchana, akaja hapa nyumbani. Hakuvaa gauni la kazi. Nilimpa kigoda akakikataa, akakaa kwenye mkeka kama mtu aliyekuja kuhani msiba.

Akasema, "Mama Bilali, nimekosea. Leo nilipombeba nimeona ni mwepesi, nikampima upya. Ana kilo nane. Mimi nilikuwa natumia kumi na sita. Kosa langu."

"Sasa itakuwaje?"

"Sindano ya saba hatumchomi. Dawa hii ikizidi inagusa figo na masikio, mwangalie mkojo wake, na kusikia kwake. Ukiona lolote njoo, hata kama siku hiyo sipo kazini uje nyumbani kwangu."

Nilimwelewa nusu. Kifua cha mtoto kilikuwa kimefunguka, nikaona yamekwisha. Nilimshukuru! Nilimjazia bakuli la mabibo yaliyoiva akaenda nayo. Nikikumbuka lile bakuli natamani kulipasua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Joto. Korosho zinaanguka kweli kweli mwaka huu. Tumeokota tangu alfajiri mpaka mgongo ukakataa.

Jumanne, 15 Oktoba

Tumetoka Nachingwea, hospitali, mimi na Faridi na mtoto. Walimkalisha Bilali mapajani kwangu, mtu mmoja mbele anamchezea, mwingine nyuma anapiga vitu: njuga, kengele ndogo, ngoma. Njuga hakugeuka. Kengele hakugeuka. Ngoma aligeuka, akacheka.

Daktari, mama mmoja mpole, alituambia taratibu. Sauti nene anazisikia. Sauti nyembamba zimeondoka na hazirudi. Zipo mashine za kuvaa masikioni, zinasaidia, ametuandika jina tusubiri. Akasema mtoto ni mdogo, akisaidiwa mapema atasema, atasoma, asikate tamaa mtu hapa.

Mimi sijakata. Lakini nikamuuliza, "Kwa hiyo baba yake akiongea?"

"Anamsikia."

"Na mimi?"

Akaniangalia. Sauti yangu ni nyembamba, shuleni waliniita filimbi. Akasema, "Wewe ongea naye karibu, akuone uso."

Kwenye gari nilimwangalia Faridi anamwimbia mtoto, mtoto amelaza kichwa kifuani kwake anasikiliza. Nilimwonea wivu mume wangu mpaka nikageukia dirishani. Beatrisi amenitoa sauti masikioni mwa mwanangu. Nami nitamtoa yeye kijijini kwetu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimeanza. Leo bombani nilisimulia yote, tangu mfuniko mpaka njuga. Wifi yangu Amna, dada yake Faridi, alikuwepo. Huyu Amna ana mdomo, kawaida habari haimpiti bila kuitia pilipili. Leo aliinamia ndoo yake kimya.

Beatrisi alipokuja na ndoo, mama mmoja akaisukuma kwa mguu mpaka mwisho wa foleni.

"Sista, subiri. Leo tunapima ndoo kwanza, isije ikawa ya lita kumi tukaijaza ishirini."

Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Beatrisi alikwenda kusimama nyuma ya ndoo yake. Alisubiri mpaka wote tukamaliza. Na mimi nilikaa pale na ndoo yangu imejaa, nimwone anavyosubiri.

Jumamosi, 19 Oktoba

Hakuna anayemuuzia kisamvu. Wala mkaa.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimejifunza kuongea kwa sauti nene, natoa kooni kama dume. Faridi anasema nikiita hivyo hata mbuzi wa jirani wanaitika. Bilali ananitazama mdomo. Leo nilisema "mwanangu" kwa sauti hiyo, akaweka kiganja kwenye koo langu akakiacha pale. Nililia, kisha nikaenda zahanati kumwandikia Beatrisi malalamiko kwenye kitabu chao. Kitabu hakikuonekana. Mganga mfawidhi Obadia, mkuu wao pale, akasema kimeisha. Kitabu cha malalamiko kimeisha!

Jumatano, 23 Oktoba

Mkutano wa kijiji. Nilisimama na Bilali mgongoni. Nilisema kwa sauti yangu ya kweli, ile nyembamba, ili wasikie ni ipi iliyopotea.

Beatrisi aliulizwa, akajibu, "Ni kweli. Nilitumia uzito usio wake. Nilikwenda mwenyewe kumwambia mama yake." Mzee mmoja akapiga kelele, "Mmesikia, amekiri!" Uwanja ukalipuka. Alikuwa anasema kama vile kwenda kwake kuniambia ni kitu cha kumtetea, na ndicho kilichommaliza.

Jioni habari ikafika kutoka wilayani: amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Nimechinja jogoo. Faridi alikula lakini hakusifia.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimelala vizuri.

Jumatatu, 28 Oktoba

Ameletwa kijana, nesi wa kiume, Ashraf. Ananukia manukato, anaita kila mtu "bimkubwa". Beatrisi bado yupo kwenye chumba chake cha kupanga, mlango umefungwa mchana kutwa.

Alhamisi, 31 Oktoba

Leo amekuja mtu wa wilaya, bwana Eustakio, kazi yake kuangalia huduma zinavyotolewa. Nilivaa kanga mpya. Nilidhani anakuja kuchukua maneno yangu ampeleke mtu jela.

Akakaa uani, akatoa karatasi, akasema, "Mama, pole sana. Nataka nijue ilikuwaje."

"Ilikuwa Beatrisi."

"Naam. Ilikuwaje?"

"Nimekwambia ni nani, wewe unaniuliza ilikuwaje. Kwani nyumba ikichomwa unakiuliza kibiriti, aliyewasha unamwacha?"

Hakuudhika, na hiyo ndiyo ilinichoma zaidi. Ana sauti ya kubembeleza, nene, na Bilali mjinga wa Mungu akamsogelea akakaa miguuni pake anamsikiliza.

Akaeleza kwamba hiyo kumi na sita haikutoka hewani. Lazima kuna mtoto alining'inia kwenye mizani ikasoma kumi na sita, na kadi iliyokuwepo mkononi ikawa ya Bilali. Akimfukuza mtu bila kujua kadi na uzito huo vilikutanaje, vitakutana tena. Kisha akauliza swali moja akiwa ameshika kalamu:

"Siku ile ya kwanza, kadi ilifika zahanati saa ngapi? Na mtoto saa ngapi?"

Nikasema, "Pamoja."

Akaandika.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimeandika juu hapo kwamba nataka kila siku na ukweli wake. Basi.

Havikufika pamoja. Msimu wa korosho hapa kwetu hakuna mwanamke anayekwenda kukaa kwenye benchi la zahanati tangu alfajiri. Korosho usipoziwahi asubuhi, mbuzi na watu watakuwahi. Kwa hiyo mmoja anakusanya kadi za wenzake wa njia moja, anakwenda kuzipanga mezani, kadi inakushikia foleni, wewe unaokota, jua likipanda ndiyo unakwenda na mtoto. Wote tunafanya hivyo, mama zetu walifanya hivyo. Siku ile kadi ya Bilali ilitangulia na Amna, aliyekuwa anampeleka binti yake Fatu ana homa. Mimi nilifika saa nne.

Mtoto wangu mbavu zinazama, na mimi niliokota korosho mpaka saa nne. Usiku kucha alikuwa anapumua vibaya na bado nilimwambia Amna nishikie foleni.

Hilo sikumwambia Eustakio. Na sitamwambia. Uzito niliandika mimi? Kalamu nilishika mimi?

Jumanne, 5 Novemba

Wingu limekaa siku tatu, halitoi kitu. Korosho tumezianika, tunaangalia juu kila saa. Zikilowa zimekwisha.

Alhamisi, 7 Novemba

Amna hanitembelei. Tumekutana njiani, nikamtania, "Wifi, umekula ulimi?" Akasema jino linamuuma.

Jumatatu, 11 Novemba

Bilali amechemka. Nilikwenda naye zahanati mwenyewe, kadi mkononi. Nikakuta rundo la kadi mezani kama kawaida, wenyewe wako mashambani. Ashraf anachukua ya juu, anaita, ya asiyekuwepo anaiweka chini ya rundo, anapima aliyepo. Vile vile tu. Beatrisi amefungiwa ndani karibu wiki tatu, na rundo liko pale pale.

Nilimwambia, "Mdogo wangu, angalia sana na mimi. Mwenzako unajua yaliyomkuta."

Akacheka, anajaza bomba la sindano. "Bimkubwa, mimi naangalia. Na siku nikikosea, hutaniona mimi ninakuja nyumbani kwako kukaa kwenye mkeka. Sista Beatrisi mjinga. Bosi Obadia alimwambia siku ileile, nyamaza, mtoto amepona, andika dozi imekwisha tuendelee. Yeye akakimbilia kusema. Leo yuko wapi? Sisi wote tumejifunza."

Alisema hivyo anatabasamu, mzuri wa watu, na sindano iko tayari kwa ajili ya mwanangu.

Nikamwuliza, "Umepima kilo ngapi?"

"Nane na nusu."

"Mpime tena."

"Bimkubwa..."

"Mpime tena nikiona."

Jumanne, 12 Novemba

Homa imeshuka.

Nimemfikiria Ashraf siku nzima. Kwa hiyo Obadia ndiye wa kuchomwa. Nimekuwa nikimrushia mawe mtu aliyeingia kwangu kwa mlango wa mbele, na yule aliyetaka nifichwe ndiye ninayemwamkia kila siku. Shikamoo bwana mganga! Nimetamani kwenda bombani kesho na jina jipya. Ndimi ziko tayari, nikiwapa tu.

Lakini nitawapa nani na nani? Nikimfukuza anayesema, nikamfukuza na aliyekataza kusema, kijana yule ataongeza kufuli jingine mdomoni. Bilali ataugua tena. Mvua zikianza ataugua tu, watoto wote wanaugua. Nani atakuja kukaa kwenye mkeka wangu?

Jumapili, 17 Novemba

Amna amekuja. Nilikuwa natwanga. Hakusalimia. Alishika mchi wa pili tukatwanga wote kama mara ishirini ndiyo akasema.

"Wifi, ile kumi na sita ni ya Fatu."

Niliacha mchi ukabaki kinuni.

"Sista alinyoosha mkono, nikampa kadi ya juu. Mikono imejaa, kadi zenu wanne, mtoto analia. Nilidhani ni ya Fatu, ilikuwa ya Bilali. Nikampandisha Fatu, akaandika. Baadaye akaichukua ya Fatu akasema mbona huyu hajapimwa. Nikampandisha tena. Nilijua amepimwa mara mbili. Nikasema moyoni, haina neno, uzito haumuumizi mtu. Na ulipofika na Bilali kadi yake ilikuwa na uzito tayari, sista hakumpima."

"Ulijua tangu lini kwamba..."

"Tangu siku ile bombani. Ulivyokuwa unasema, nikaona sura ya ile kadi. Nilitaka nikwambie. Kisha nikaona mnavyomfanyia sista. Ndoo yake ile. Nikasema, na mimi zamu yangu hiyo."

Niandike nilichofanya. Nilimwambia toka. Nilimwambia mwanao anasikia vizuri kwa masikio ya mwanangu. Aliondoka, kanga imemdondoka begani, hakuiokota. Kwa saa nzima nilipanga: nimwambie Faridi, nimwambie mama mkwe, nimvue nguo bombani mbele ya watu kama nilivyomvua yule. Nilikuwa na nguvu za kufanya hivyo. Nilionja ladha yake, ni tamu, sitadanganya.

Kisha Bilali akaamka, na nilipomwinua nikaona kwamba hadithi hii nikiisimulia inaanzia kwangu. Amna aliibeba kadi kwa sababu nilimtuma.

Jumatano, 20 Novemba

Barua. Kikao Ruangwa, ofisi za wilaya, tarehe ishirini na sita. Nimeitwa, Obadia ameitwa, Beatrisi ameitwa. Watu wanasema ataachishwa kazi siku hiyo, maneno yangu ndiyo msumari wa mwisho.

Alhamisi, 21 Novemba

Matone matano. Tulikimbia kuziba korosho, yakakoma.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimemwambia Faridi yote, la Amna na la "pamoja". Aliniuliza mara mbili kama ni Amna kweli. Kisha akasema, "Moza, ukisema kesho, Beatrisi anarudi."

"Najua."

"Na watu watakucheka. Watasema mama mwenyewe alikuwa anaokota korosho."

"Najua, Faridi."

"Umemsamehe?"

"Hata kidogo."

Akacheka kwa uchungu. "Basi sikuelewi."

Nikamwambia, anielewe au asinielewe, Amna nimemfuata amekubali kuja kusema, na nauli yake tunamlipia sisi.

Jumanne, 26 Novemba

Chumba kina viti vya plastiki na feni isiyozunguka. Beatrisi amekonda. Mimi ndiye niliyemkondesha, na niliangalia kazi yangu kwa makini. Sikujisikia vibaya kama nilivyotegemea. Mfupa wa shavu umetoka, na mwanangu hasikii njuga. Havijalingana bado.

Eustakio akasema hatukuja kutafuta mchawi. Obadia akakohoa. Nikanyoosha mkono kabla sijaulizwa.

Nikasema, "Bwana, nilikudanganya. Kadi ilifika saa kumi na mbili asubuhi, mtoto saa nne. Kadi zetu zinatangulia, zote, kila msimu. Mimi niliituma." Kisha Amna akasimama akasema lake la kumpima Fatu mara mbili. Eustakio aliacha kuandika akatusikiliza. Akauliza siku ile manesi walikuwa wangapi. Beatrisi akasema, peke yangu, watoto sitini na mmoja, mwenzangu alikuwa semina. Ndiyo mara ya kwanza nasikia hesabu hiyo.

Nikasema, "Sijamaliza. Huyu sista alikuja kuniambia. Tulimfanyia mabaya kwa sababu alikuja kuniambia. Na yupo aliyemkataza asije." Nikamtazama Obadia, nikamtazama tena, mpaka akashusha macho kwenye viatu vyake. Jina sikulitaja. Nilimwachia alitaje mwenyewe, na alilitaja, ilimchukua dakika nzima, watu wote wanasubiri. Dakika ile niliila polepole.

Eustakio akamwuliza aliogopa nini. Obadia, mtu mzima na mvi zake, akasema, "Kituo chetu kingesomwa vibaya." Hakufukuzwa. Nimekasirika kwamba hakufukuzwa. Ila kuanzia sasa kila kosa litaandikwa kwenye daftari la wazi, la kwake la kwanza kabisa.

Nje, Beatrisi alinisogelea. "Asante, mama Bilali."

Nikamwambia, "Usinishukuru. Mimi na wewe bado."

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua! Imepiga mabati mpaka hatusikilizani ndani. Bilali alisimama katikati ya chumba, kichwa juu, anaangalia bati, macho yamemtoka. Ile anaisikia. Korosho zetu zote zilikuwa zimeshaingia ghalani.

Jumatano, 4 Desemba

Beatrisi amerudi kazini. Kadi sasa haiachi mkono wa mama. Asiye na mtoto mkononi hana foleni. Wanawake walilalamika, korosho zetu je! Tukakubaliana wa njia moja wapeane siku za kuokoteana. Na karibu na mizani anasimama mama mmoja wa kijiji, si mfanyakazi, kazi yake moja: mtoto akining'inizwa, yeye anasoma kwa sauti, nesi anarudia, mama wa mtoto anarudia, ndipo kalamu inagusa kadi.

Waliuliza nani atakaa siku za Jumatatu. Nilijibu kabla hawajamaliza kuuliza.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu, lakini walifungua kwa ajili ya homa za mvua. Watoto thelathini na nane. Nilisimama tangu saa moja. Miguu imevimba.

Mtoto wa tisa nilisoma, "Kilo kumi na moja na robo."

Beatrisi akarudia, "Kumi na moja na robo."

Nikasema, "Sijakusikia, sista."

Nilimsikia, na yeye alijua nimemsikia. Akarudia. Nikamwambia, "Kwa sauti." Foleni nzima ikatugeukia. Mama mmoja akanong'ona, "Huyu naye, si aache sasa." Beatrisi aliniangalia, akavua barakoa yake ili nimwone mdomo, akarudia mara ya tatu, kila neno peke yake. Kisha akaandika, akanigeuzia kadi niione.

Ilikuwa sawa. Nikamwambia, "Anayefuata."

Sijui nitaacha lini kumtaka arudie mara tatu. Leo sikutaka kuacha. Watoto thelathini na nane, hakuna hata mmoja aliyeandikiwa uzito wa mwenziwe. Hasira yangu imepata kazi ya kufanya, na Jumatatu ijayo nitakwenda nayo tena.